Alexandre Dumas: Riwaya Ni Zake, Jalada Si Lake Peke Yake

Tarehe 30 Novemba 2002, Ufaransa ilimhamishia Alexandre Dumas kwenye Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu ambao taifa hilo linawahesabu kuwa fahari yake. Jeneza lilifunikwa kitambaa cha buluu chenye kauli ya askari wake mashuhuri, "wote kwa mmoja, mmoja kwa wote". Rais Jacques Chirac alisema Jamhuri ilikuwa inarekebisha dhuluma iliyomwandama mwandishi huyo tangu utotoni. Dumas alikuwa amekufa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Auguste Maquet, aliyeshirikiana naye kuziandika riwaya zilizompa heshima ile, amebaki kwenye makaburi ya Père-Lachaise, na mtu anayenunua leo Les Trois Mousquetaires, riwaya ya askari hao, ni nadra sana kuliona jina la Maquet juu ya jalada.

Dhuluma aliyoitaja Chirac ilikuwa ya kweli, na asiyeijua hawezi kuupima kwa haki ugomvi huu wa nani ahesabiwe mwandishi wa riwaya hizo. Bibi yake Dumas mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Babu yake alikuwa kabaila wa Kifaransa, na alipotaka kurudi kwao alimuuza mwanawe mwenyewe kwa masharti ya kumkomboa baadaye, ili apate nauli. Mtoto huyo, Thomas-Alexandre, alikombolewa, akapelekwa Ufaransa mwaka 1776, akaingia jeshini, na Mapinduzi yalipokuja akapanda hadi kuwa jenerali akiwa na miaka 31. Alikosana na Napoleon huko Misri, akakamatwa njiani akirudi, akafungwa karibu miaka miwili katika ufalme wa Napoli, akatoka afya yake imeharibika. Alifariki mwaka 1806. Mwanawe Alexandre, mzaliwa wa Villers-Cotterêts mwaka 1802, alikuwa na miaka mitatu tu. Mjane aliomba pensheni, akanyimwa.

Kijana alikwenda Paris mwaka 1823, elimu yake ndogo lakini mwandiko wake mzuri, na mwandiko huo ndio uliompatia ukarani katika ofisi ya Duke wa Orléans. Mwaka 1829 tamthilia yake Henri III et sa cour ilichezwa katika ukumbi wa Comédie-Française, na kuanzia hapo Paris ikamjua. Kwa miaka mingi iliyofuata alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa riwaya. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika kesi hii.

Riwaya zilikuja kwa mlango wa magazeti. Mwaka 1836 Émile de Girardin alianzisha La Presse na kushusha ada ya mwaka hadi faranga 40, nusu ya ile waliyotoza wengine, akitegemea matangazo ya biashara kufidia pengo. Ili wasomaji wasimkimbie alihitaji hadithi ya mfululizo chini ya ukurasa, kila siku kipande, kila kipande kikiishia pale msomaji anapotamani zaidi. Sisi tuliokua tukisubiri hadithi za "itaendelea" kwenye magazeti yetu tunaijua nguvu ya mtindo huo. Malipo yalikuwa kwa mstari, na mwandishi aliyeweza kuwashika wasomaji aligombewa na wahariri. Dumas aligombewa kuliko karibu wote. Mwaka 1844 peke yake Le Siècle ilichapisha Les Trois Mousquetaires kuanzia Machi hadi Julai, mwezi Agosti Journal des Débats ikaanza Le Comte de Monte-Cristo, na kabla mwaka haujaisha La Reine Margot ilikuwa imeanza katika La Presse. Mkusanyiko wa kazi zake uliochapishwa baadaye ulifika takriban juzuu 300.

Hakuna mtu mmoja anayeweza kufanya yote hayo bila msaada, na Dumas hakuwa peke yake. Maquet alikuwa mwalimu wa historia, mdogo kwa Dumas kwa miaka 11, na mshairi Gérard de Nerval ndiye aliyewakutanisha. Kazi yao ilikwenda hivi: walikubaliana mpango, Maquet akachimbua kumbukumbu za zamani na kuandika rasimu, Dumas akaichukua na kuiandika upya kwa mkono wake, kisha karatasi zikakimbizwa kiwanda cha uchapaji. Inasimuliwa kwamba Girardin alikataa kuweka majina mawili kwa sababu za kibiashara tu: mstari uliosainiwa Dumas ulikuwa na bei yake, na uliosainiwa Dumas na Maquet ungeshuka hadi nusu. Maquet akalipwa, akanyamaza. Katika barua ya Machi 1845 aliandika kwamba anajiona amelipwa vya kutosha na kwamba anaachia madai yake juu ya vitabu hivyo.

Nianze na upande wa Maquet, kwa sababu mashabiki wa Dumas huupitia haraka mno. Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka ndani ya gazeti la Le Siècle lenyewe. Wakati Le Vicomte de Bragelonne, riwaya yao ya tatu ya askari wale, ikiendelea kutoka, kipande cha siku moja kilipotea kabla ya kufika kiwandani. Maquet akaitwa, akaketi palepale usiku, akaandika kama mistari 500. Baadaye karatasi za Dumas zikapatikana. Kwa ushuhuda wa mtu wa gazeti hilo, zilipolinganishwa, tofauti haikuzidi maneno 30. Siwezi kuukwepa ushahidi huo. Ukiukubali, basi kulikuwa na siku ambazo Dumas alinakili rasimu ya mwenzake karibu kama ilivyo, akatia sahihi, akapokea fedha.

Kisha kuna Monte-Cristo, na hapa shahidi ni Dumas mwenyewe. Alikuwa na kisa alichokiokota katika kumbukumbu za polisi zilizokusanywa na Jacques Peuchet, cha fundi viatu aliyesingiziwa, akafungwa, akatoka na utajiri na kuwalipiza kisasi waliomsaliti. Mpango wake wa kwanza ulikuwa hadithi ianzie Roma, tajiri wa ajabu tayari ni tajiri. Alipomweleza Maquet, Maquet akamwambia kwamba anaruka sehemu tamu kuliko zote: mapenzi ya Mercédès, usaliti wa Danglars na Fernand, miaka ya gerezani pamoja na padri Faria. Dumas akajibu kwamba hayo atayasimulia kwa kurudi nyuma. Maquet akasema huwezi kusimulia juzuu nne au tano kwa namna hiyo. Dumas akalala na wazo hilo, na alipokutana tena na Maquet alikuwa ameigawa kazi sehemu tatu, Marseille, Roma, Paris. Yeyote aliyewahi kuisoma ajiulize ingebaki nini bila Marseille na bila ngome ya If, lile gereza la kisiwani. Sehemu ambayo watu huikumbuka hata wakisahau nyingine zote ilisimama kwenye mpango kwa sababu Maquet aliipigania. Dumas aliongeza kwamba Maquet aliona ametoa ushauri wa kirafiki tu, na kwamba ni yeye Dumas aliyeshikilia kuwa ile ilikuwa kazi ya mshiriki. Kauli hiyo inamtetea kwa upande wa roho, na inamhukumu kwa upande wa jalada.

Sasa upande wa pili. Kama rasimu za Maquet zingetosha, mtu aliyeziandika angetosha pia. Maquet aliandika riwaya zake mwenyewe, La Belle Gabrielle ikapata wasomaji wengi wakati wake, lakini hakuna hata moja iliyoishi kama zile alizoandika na Dumas. Rasimu yake ya sura ya kifo cha Milady, yule mwanamke adui katika Les Trois Mousquetaires, ilipokuja kujulikana, watu wakaiweka kando ya sura iliyochapishwa. Ilikusudiwa kuonyesha kwamba Maquet ndiye mwandishi. Walioilinganisha waliona kwamba matukio ni ya Maquet, ila kile kinachomfanya msomaji ashike pumzi kimetiwa na Dumas.

Mimi mkono wa mtu wa jukwaa ninauona kuanzia sura za mwanzo za Les Trois Mousquetaires. D'Artagnan, kijana shujaa wa riwaya, anatoka mbio ndani ya jumba la Tréville, mkuu wa askari hao, akimfukuza adui yake. Anamgonga Athos, wa kwanza wa askari watatu, begani, kwenye jeraha bichi. Anajinasa ndani ya joho la Porthos na kugundua kwamba mkanda wake wa dhahabu una dhahabu mbele tu, nyuma ni ngozi ya kawaida. Anaokota leso iliyokuwa chini ya kiatu cha Aramis, ambayo Aramis hakutaka ionekane. Dakika chache tu, na tayari ana miadi mitatu ya kupigana: saa sita, saa saba, saa nane mchana. Bega, mkanda, leso. Kwa kila mtu kitu kimoja, na tayari unawajua wote watatu kwa maisha yako yote. Riwaya ilichota kwenye kumbukumbu za kubuni za d'Artagnan zilizoandikwa na Courtilz de Sandras na kuchapishwa mwaka 1700, na majina hayo matatu yamo humo, lakini watu hawamo. Kuingiza mtu, kumpa kifaa kimoja mkononi, kumtoa kabla mtazamaji hajachoka: hiyo ni elimu ya miaka 15 ya kuandikia waigizaji. Maquet hakuwa nayo.

Hata hivyo haki inanilazimu niseme na kinyume chake. Baada ya wawili hao kuachana mwanzoni mwa miaka ya 1850, Dumas aliendelea kuandika hadi mwisho, kuanzia kumbukumbu zake nene za maisha hadi La San Felice na riwaya kubwa ya Hector de Sainte-Hermine, iliyosahauliwa gazetini hadi mtafiti Claude Schopp alipoichapisha kama kitabu mwaka 2005. Kumbukumbu zake nazipenda kuliko riwaya zake nyingi. Lakini d'Artagnan wa pili hakuzaliwa tena. Miaka ile michache ya dhahabu iliwahitaji wote wawili.

Sehemu inayoniumiza katika mjadala huu ni jinsi ulivyoanza. Mwaka 1845 Eugène de Mirecourt alitoa kijitabu cha kumshtaki Dumas kwamba anaendesha kiwanda cha riwaya. Hoja hiyo ilistahili kujadiliwa, maana washiriki walikuwepo kweli. Lakini Mirecourt hakuishia kwenye hoja. Alimshambulia Dumas kwa nywele zake, midomo yake, ukoo wake, akaandika kwamba washiriki wamegeuzwa watumwa chini ya mjeledi wa chotara. Dumas alimshtaki na mahakama ikamtia Mirecourt hatiani kwa kashfa. Waandishi wengi weupe wa zama zile walifanya kazi na wasaidizi. Hakuna aliyeambiwa kwamba kosa lake linatokana na damu yake.

Dumas alilijua hilo mapema. Mwaka 1843 alitoa Georges, riwaya ya chotara wa Mauritius ambaye baba yake anakataliwa na walowezi weupe kupigana safu moja nao hata adui akiwa mlangoni, na ambaye mwishowe anaongoza uasi wa watumwa. Kisiwa hicho hakiko mbali nasi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Wapo wanaodai kwamba hata katika kuiandika Georges, Dumas alisaidiwa, na mwandishi Félicien Mallefille. Iwe hivyo, uchungu uliomo ndani yake naamini ni wa mtoto wa yule jenerali aliyesahauliwa.

Kwa sababu hiyo wapo wanaoona kwamba kumtetea Maquet leo ni kuendeleza kazi ya Mirecourt. Naelewa hofu yao. Mwaka 2010 ilitoka filamu ya Kifaransa kuhusu wawili hao, na aliyecheza Dumas alikuwa Gérard Depardieu, mzungu aliyevishwa nywele bandia za kipilipili. Jumuiya za watu weusi nchini Ufaransa zililalamika, kwa haki kabisa. Filamu iliyotaka kumrudishia Maquet kilicho chake ikamnyang'anya Dumas uso wake. Lakini ubaguzi aliotendewa Dumas haufuti deni alilokuwa nalo. Mtu anaweza kudhulumiwa na wakubwa wa zama zake, kisha naye akamdhulumu mwenzake aliye chini yake.

Na deni lilikuwa deni hasa. Dumas alijenga kasri Port-Marly na kuliita Monte-Cristo, akafungua ukumbi wake wa tamthilia mwaka 1847, akafilisika, na mwishoni mwa 1851 akahamia Brussels wadai wakiwa nyuma yake. Ahadi zake kwa Maquet zikaingia kwenye foleni ya wadai. Maquet alikwenda mahakamani, na mwaka 1858 akapewa haki ya robo ya mapato ya vitabu walivyoandika pamoja. Jina lake mahakama ikakataa kuliweka.

Naona mahakama ilikosea. Ilikiri kwamba mtu alifanya kazi kiasi cha kustahili robo ya mapato, kisha ikasema kazi hiyo haina mwenyewe mbele ya wasomaji. Ningekubali zaidi hukumu ya kinyume, fedha kidogo na jina kamili, kwa kuwa fedha ziliisha na vitabu vinaendelea kuchapwa. Anayesema kwamba desturi za wakati ule hazikuruhusu majina mawili aangalie upande wa tamthilia. Mwezi Oktoba 1845 riwaya ya pili ya askari hao ilipochezwa katika ukumbi wa Ambigu, Dumas mwenyewe alipanga kwamba pazia likishuka waandishi watangazwe wawili, Alexandre Dumas na Auguste Maquet. Watazamaji walishangilia na hakuna tiketi iliyorudishwa. Wachapishaji wa riwaya zao leo hawana Girardin wa kuwahesabia bei ya mstari, na haki za vitabu hivyo zimekwisha zamani. Nafasi ya jina la pili chini ya la kwanza ipo.