Gesi chini ya shamba: kusaini, kukataa, au kungoja majirani

Mwaka 2006 madalali wa ardhi waliingia Dimock, eneo la wafugaji katika kaunti ya Susquehanna, kaskazini mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, mkononi wana mkataba wa kuruhusu gesi ichimbwe ukiwa umeshachapwa, na wengi waliowafungulia mlango walisaini kwa dola 25 kwa eka. Mwaka 2008, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la New York na si mbali na hapo, wenye mashamba wa eneo la Deposit waliunganisha eka zao, wakajadiliana kwa pamoja, wakakubaliana na kampuni ya gesi ya XTO kwa zaidi ya dola 2,400 kwa eka. Mwamba wenye gesi ni uleule, unaitwa Marcellus, na umetandaa chini ya majimbo yote mawili.

Kusema kweli, sehemu ya tofauti hiyo ililetwa na habari. Mapema mwaka 2008 mwanajiolojia Terry Engelder wa Chuo Kikuu cha Penn State na mwenzake Gary Lash walitoa makadirio yaliyoonyesha kwamba Marcellus ina gesi nyingi mno kuliko ilivyodhaniwa, na katikati ya mwaka huo bei ya gesi sokoni ilivuka dola 13 kwa kipimo ambacho Aprili 2012 kiliuzwa chini ya dola 2. Waliosaini 2006 hawakuwa na habari hizo. Lakini pia hawakuwa na majirani mezani. Kila mmoja alisaini jikoni kwake, peke yake, bila kujua mwenzake wa ng'ambo ya uzio kapewa nini. Mjadala wa gesi kule huendeshwa kana kwamba swali ni moja tu, usaini au usisaini. Mimi naona swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni kama unajibu ukiwa peke yako.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza: mkulima anauzaje gesi iliyo chini ya ardhi? Kwetu haiwezekani. Tanzania, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na gesi ni mali ya Jamhuri. Kampuni inazungumza na serikali, na mwenye shamba huitwa siku ya kuthaminiwa mikorosho na minazi yake ili alipwe fidia aondoke. Kenya nayo imeweka madini na mafuta mikononi mwa umma, ila Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 5 ya mapato ya serikali kwa jamii ya eneo husika. Marekani ni karibu nchi ya peke yake ambako mtu binafsi anaweza kumiliki shamba pamoja na kilicho futi 7,000 chini yake. Anaweza hata kuuza shamba akabaki na haki ya gesi, na mashamba mengi ya Pennsylvania yana wenyewe wawili: aliyenunua udongo, na wajukuu wa mtu aliyebakiza haki za chini miaka mia moja iliyopita.

Ukikumbuka watu wa Mtwara walivyoingia barabarani mwaka 2013 kulipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, ni rahisi kuwaonea wivu wakulima wa Pennsylvania. Wao walifuatwa nyumbani na kuombwa ridhaa. Ni haki kubwa, na sitaki kuidharau. Ila haki ya kukubali au kukataa ina uzito pale tu unapojua unachokikubali.

Waliosaini walikuwa na sababu zao, na wanaowacheka kwa tamaa hawajafuga ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2009 bei ya maziwa Marekani iliporomoka vibaya, wafugaji wakawa wanakamua kwa hasara kila asubuhi. Mtu ana eka 150, deni la trekta, paa la banda linavuja, watoto wamekimbilia mjini. Akija mtu na hundi ambayo kwa siku moja inaweza kulipa deni lote, pesa hiyo inamwezesha kubaki shambani badala ya kumuuzia mjenzi wa nyumba za mapumziko. Katika kaunti za Bradford na Susquehanna kuna mabanda yaliyoezekwa upya na mashamba yaliyobaki ndani ya familia kwa sababu ya gesi. Na tangu 2012 jimbo hutoza kila kisima ada inayogawiwa kaunti na mitaa kwa ajili ya barabara na huduma nyingine. Hayo ni mambo halisi, na mpinzani asiyeyataja hazungumzi na majirani zake.

Sasa tuufungue mkataba wenyewe.

Pesa ya saini ndiyo inayotajwa kwanza na kwa sauti kubwa, kwa kuwa hulipwa mara moja. Pesa ya muda mrefu ni mrabaha, yaani sehemu ya gesi inayotoka ambayo mwenye ardhi hulipwa. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1979 inasema mkataba usiompa mwenye ardhi angalau moja ya nane ya gesi, yaani asilimia 12.5, haufai kitu. Wengi waliposikia moja ya nane walidhani ni moja ya nane ya kile gesi inachouzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua, katika kesi ya Kilmer dhidi ya Elexco, kwamba kampuni inaweza kutoa kwanza gharama za kusafisha na kusafirisha gesi, kisha ndipo ikokotoe hiyo moja ya nane.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi. Shamba lako la eka 64 limeingizwa katika eneo la uchimbaji la eka 640, kwa hiyo sehemu yako ni moja ya kumi. Kisima kinatoa futi za ujazo milioni 5 kwa siku, na bei ni dola 3 kwa kila futi elfu. Mauzo ya siku ni dola 15,000, moja ya nane ni 1,875, sehemu yako ni dola 187 na nusu. Kampuni ikikata dola 1 ya gharama kwa kila futi elfu, unashuka hadi 125. Bei ikianguka kutoka dola 3 hadi 2, gharama haianguki nayo, inabaki dola 1 ileile. Unapata dola 62 na nusu. Soko limeshuka theluthi moja, wewe umepoteza nusu. Na kisima cha aina hii hutoa gesi nyingi mwanzoni kisha hupungua kwa kasi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo hundi iliyokufanya ukope pesa za gari jipya si hundi ya miaka ijayo.

Hasira kuhusu makato haya ilifika mbali. Desemba 2015 Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania aliishtaki kampuni ya Chesapeake Energy, akidai wenye ardhi walihadaiwa katika mikataba na kukatwa mrabaha isivyo halali. Kesi ilikwisha mwaka 2021 kwa suluhu ya dola milioni 5.3, kampuni ikiwa imeingia kwenye ufilisi mwaka uliotangulia. Kampuni za gesi nazo zina hoja yao: gesi ikiwa bado kisimani haina mnunuzi, na anayeipeleka hadi bomba kuu ana gharama ambayo mtu fulani lazima aibebe. Nakubali. Lakini basi iandikwe kwa lugha ambayo mfugaji ataielewa usiku ule anaposoma, na dalali aitamke kwa sauti ileile aliyotamkia pesa ya saini.

Kipengele kinachonisumbua kuliko vyote ni cha muda. Mkataba wa kawaida husema miaka mitano, kisha unaongeza: na baada ya hapo kwa muda wote gesi itakapokuwa ikitoka. Bila maneno ya kukulinda, kisima kimoja kinachogusa kona ya shamba kinaweza kuzishikilia eka zako zote kwa miongo, kwa masharti ya mwaka uliosaini. Wanaojua hudai kipengele cha kuachia, kwamba muda wa kwanza ukiisha, eka zisizoingia katika eneo la kisima zirudi kwa mwenyewe. Mkataba uliochapwa na kampuni haukuwa na kawaida ya kuwa nacho.

Tazama meza yenyewe ilivyo. Dalali ameshakaa siku kadhaa kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti akipekua hati tangu enzi za babu wa babu. Anajua nani kasaini upande wa kijito na nani bado, na anajua ni eka zipi zikikosekana kisima hakichimbiki. Mwenye shamba hana hata mahali pa kutazama bei, kwa sababu kinachosajiliwa kaunti mara nyingi ni muhtasari wa kurasa chache, na kiasi kilicholipwa hakimo. Ndiyo maana vikundi kama kile cha Deposit vilibadilisha mambo. Bei ilipanda, na pamoja nayo masharti: kupima maji, umbali wa kisima na nyumba, barabara ya malori ipite wapi. Mtu mmoja mwenye eka 64 akiomba hayo anaambiwa fomu ndiyo hiyo. Wenye eka elfu kumi wanaletewa fomu nyingine.

Waliokataa hawahitaji nadharia, wanaitaja Dimock yenyewe. Siku ya kwanza ya mwaka 2009 kisima cha maji cha mkazi mmoja kililipuka, na zege lililokifunika likarushwa. Methani ilikuwa imeingia ndani. Jimbo liliizuia kampuni ya Cabot kuchimba visima vipya katika eneo la maili tisa za mraba, na kaya kadhaa zikaanza kutegemea maji ya kuletwa. Watetezi wa gesi hujibu kwamba methani ilikuwamo katika maji ya eneo lile tangu zamani, na ni kweli kwamba baadhi ya visima vilikuwa nayo kabla. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliotoka mwaka 2011 ulikuta methani nyingi zaidi katika visima vya maji vilivyo ndani ya kilomita moja kutoka visima vya gesi. Chanzo kinachoelekezewa kidole zaidi si kule chini mwamba unakopasuliwa kwa maji ya shinikizo. Ni saruji na mabomba ya kisima karibu na juu, yakifungwa vibaya. Novemba 2022 kampuni hiyo ya Cabot, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa Coterra, haikupinga shtaka la kimazingira mahakamani na ikakubali kulipa dola milioni 16.29 kujenga bomba la maji safi kwa watu wa Dimock. Kutoka mlipuko hadi makubaliano hayo ni karibu miaka kumi na minne. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshaingia sekondari.

Hapa hoja ya kukataa inapata nguvu, maana saruji mbovu haitengenezwi na kipengele cha mkataba. Lakini hapohapo inakutana na ukuta. Ukikataa peke yako, jirani akasaini, malori yatapita barabara yako, mitambo ya kusukuma gesi utaisikia usiku, na maji ya chini ya ardhi hayajui uzio. Familia moja ya Susquehanna yenye eka 11 hivi, ambayo haikuwa imesaini, ilidai kwamba upasuaji wa mwamba kwa jirani uliinyonya gesi yao. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua kwamba kanuni ya zamani, kwamba gesi ni ya aliyeitoa kisimani kwake, haiondoki kwa sababu tu kisima kimepasuliwa. Iliacha nafasi kwa anayeweza kuthibitisha kwamba ardhi yake iliingiliwa kimwili, na hilo kulithibitisha futi elfu kadhaa chini ni kazi ghali mno kwa mkulima.

Kukataa kwa pamoja ndiko kulikofanyika New York. Desemba 2014 serikali ya Gavana Andrew Cuomo ilitangaza kupiga marufuku upasuaji mkubwa wa miamba kwa kutaja hatari za kiafya, na mwaka 2020 marufuku hiyo ikawa sheria. Maji yamelindwa. Wafugaji wa kusini mwa jimbo hilo wanasema wao ndio waliolipia ulinzi huo: wanaendelea kulipa kodi ya eka, wanatazama ng'ambo ya mpaka jirani akipokea hundi, na wakazi wa miji waliowapigania hawakuwachangia hata senti. Naona wana haki ya kulalamika. Jimbo likiamua kwa niaba ya wote kwamba mtu asiuze mali yake, wote wangebeba gharama. Naunga mkono marufuku, sikubaliani na ilivyowaacha wale watu mikono mitupu.

Kwa upande wa Pennsylvania, ambako uchimbaji upo na utaendelea kuwapo, siwezi kumwambia mfugaji mwenye deni asisaini kamwe. Namwambia asisaini jikoni. Hodi ya kwanza ya dalali imjulishe kwamba eka zake zinatakiwa, kisha aende kwa jirani wa kulia na wa kushoto kabla ya kwenda kwa wakili, na kwa wakili waende wote.

Na kabla mtambo wa kuchimba haujafika, apime maji yake. Chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 2012, maji ya kisima kilicho ndani ya futi 2,500 yakiharibika ndani ya miezi 12 baada ya uchimbaji, kampuni huhesabiwa kuwa ndiyo iliyoyaharibu hadi ithibitishe vingine. Mojawapo ya njia zake za kujitoa ni kuonyesha vipimo vya kabla, na nyingine ni kuonyesha kwamba mwenye nyumba aliwakatalia wapimaji. Kuna watu waliowafukuza wapimaji kwa kuichukia kampuni, wakaipa silaha bila kujua. Chupa zijazwe kutoka bomba la jikoni na maabara inayojitegemea, tarehe iandikwe juu, na nakala ya majibu ikae ndani ya nyumba, mbali na faili la dalali.