Afisa wa lishe apimwe kwa mwiko

Kila ninapoona bango la lishe lenye tufaha na jibini ukutani mwa kliniki ya mama na mtoto huku kwetu Lamu, hasira hunipanda. Mama aliyetoka Matondoni na mtoto mbelekoni atalifanyia nini? Nyumbani ana unga, nazi, mchicha, ndimu, na samaki siku bahari ikitoa. Elimu ya lishe ianzie hapo, na anayeifundisha awe anajua kupika.

Tuchukue uji, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika. Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, na tumbo lake bado ni dogo. Uji mwepesi wa kunywewa kikombeni hulijaza maji. Mtoto hulala ameshiba na uzito hauongezeki. Uji unaofaa ukiuteka kwa kijiko na kukiinamisha, haumwagiki upesi. Kisha utiwe nguvu: kijiko cha kasimile, yaani tui zito la kwanza la nazi, na kijiko cha dagaa wasio na chumvi, waliotolewa vichwa, wakaoshwa, wakakaushwa vizuri, wakatwangwa na kuchekechwa ili miba isimkwame. Ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ana chumvi nyingi mno kwa umri huo. Bora samaki mbichi achemshwe, achambuliwe kwa vidole. Aanze na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, apandishwe taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Akifika mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na kitu cha kutafuna katikati. Maelezo haya yakisomwa tu kwenye benchi la kliniki, hayafiki nyumbani. Mama akikoroga mwenyewe sufuria mbele ya wenzake na kuona uzito wa uji kwa macho, kesho ataurudia.

Na afisa ajue majira. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, samaki huadimika na bei hupanda. Wiki hiyo asihubiri samaki. Afundishe pojo, yaani ndengu za kijani: ziloweshwe usiku, zichemshwe ziive hasa, zipondwe, zikamuliwe ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai nayo isiandamane na chakula. Ingoje kama saa moja, kwani huzuia chuma hicho hicho.

Vidonge vya wajawazito ni hivyo hivyo. Kutaja miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku ni rahisi. Asiyemwambia mama mapema kwamba choo kitakuwa cheusi amemwacha peke yake na hofu, na vidonge vitaishia kabatini. Kichefuchefu kikimsumbua, ameze baada ya chakula cha usiku.

Maji kwa mtoto chini ya miezi 6? Aitwe mavyaa, mama mkwe, pia kwenye somo, maana mara nyingi uamuzi ni wake. Aelezwe kwa heshima kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, nayo yanamtosha mtoto hata joto la kaskazi likizidi.

Haya, nakubali: usajili wa KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe Kenya, chini ya sheria ya 2007 ni wa lazima, na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto nao. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipimwa chini ya sentimita 11.5 anahitaji matibabu siku hiyo hiyo, si somo la mapishi. Lakini nafasi za kazi zikitangazwa, usaili usiishie kwenye vyeti na ripoti. Mwombaji apewe jiko la makaa, unga, nazi na fungu la dagaa. Ampikie mtoto wa miezi 8, kisha amweleze bibi wa Faza kila hatua na sababu yake.