Kabla ya kulipia MRI, mpime mtoto masikio

Mzazi akiambiwa mwanawe mwenye sindromu ya Down ana ubongo mdogo, huanza kusaka hela ya MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Kwa watoto wengi naona hela hiyo ina kazi kwingine.

Picha itaonyesha mambo yanayojulikana. Ubongo ni mdogo, ila haukupungua kwa usawa. Kilichopungua zaidi ni serebela, sehemu ya kisogoni inayoratibu mwendo na mizani ya mwili. Hufuata sehemu ya mbele, na hipokampasi inayotunza kumbukumbu. Sehemu za ndani kabisa ya ubongo hukaribia ukubwa wa kawaida. Kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili, ambacho ndicho chanzo cha sindromu hii, seli za neva huzalishwa chache tangu tumboni. Hakuna dawa ya kuligeuza hilo, wala vipimo vya picha havimwambii daktari mtoto ataongea lini.

Na picha yenyewe si rahisi. Mtoto wa miaka 2 hatulii nusu saa ndani ya mashine yenye kelele, kwa hiyo atalazwa kwa dawa ya usingizi. Njia yake ya hewa ni nyembamba, misuli imelegea, na karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, hivyo usingizi huo una hatari zaidi kwake.

Masikio sasa. Tundu la sikio ni jembamba, majimaji hutuama nyuma ya ngoma, mtoto anasikia nusunusu, watu wanasema ni mzito wa kuelewa. Apimwe usikivu kila miezi 6 hadi ithibitike kila sikio linasikia, kisha kila mwaka. Thairoidi, tezi ya shingoni inayotoa homoni, ipimwe akizaliwa, akiwa na miezi 6, akitimiza mwaka, kisha kila mwaka. Homoni hiyo ikipungua ubongo huzubaa, na tiba yake ni kidonge tu. Akikoroma, mwangalie kifua usiku: pumzi ikikatika kisha akashtuka, tonsili zichunguzwe.

Nyumbani, anachokiona hukaa kichwani kuliko anachosikia. Shika kikombe usoni pake, sema “kikombe”, nyamaza, hesabu kumi kimoyomoyo ukimsubiri ajibu. Wengi wetu hukata tamaa tukifika tatu.

Sipingi MRI kabisa. Mtoto akipoteza ujuzi aliokwisha kuupata, au akipata degedege, daktari anaweza kuihitaji. Kichanga anayejikunja ghafla mfululizo, hasa akiamka, afanyiwe EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, haraka. Anayeanza kuyumba au kushikilia shingo, picha ya kwanza ni ya shingo, si ya ubongo.