Muziki wa Anna Thorvaldsdottir unadai kazi ya binadamu

Kila Anna Thorvaldsdottir, mtunzi wa muziki kutoka Iceland, anapotoa kazi mpya ya okestra, wahakiki hukimbilia barafu, volkano na ukungu wa nchi hiyo. Wanaomlaumu huanzia hapohapo: muziki wake ni mandhari tu, sauti nzito zinazoelea, hakuna cha kuimbika, na ukisikia kazi moja umezisikia zote.

Lawama hiyo ina msingi. Aeriality ya 2011 na ARCHORA, iliyopigwa kwanza kwenye BBC Proms, tamasha la muziki la London, mwaka 2022, zina undugu usiofichika: mngurumo mzito chini, ala za nyuzi zinazokwaruzwa juu yake, mabadiliko ya polepole mno. Na sifa za Iceland bila shaka zimemsaidia kujulikana.

Ila anayeishia hapo hajatazama karatasi za nota. Mtunzi huyu, aliyezaliwa 1977 na kujifunza selo, ala kubwa ya nyuzi, huwaandikia wapigaji maelekezo ya ajabu: ukiona nota ndefu iliyoshikiliwa, ione kama ua dhaifu ulilobeba mikononi huku ukitembea juu ya kamba nyembamba, usiliangushe wala usianguke. Hebu fikiria okestra nzima, watu themanini au zaidi, kila mmoja amebeba lake. Mkono unaovuta upinde juu ya nyuzi ukitetereka kidogo, sauti inapasuka. Tunachokiita ukungu ni jasho la watu wanaosikilizana kwa makini makubwa, na utulivu wake una hatari ndani yake. Mwenyewe amekwisha kusema kwamba haichori asili kwa sauti. Anachochota humo ni mwendo na uwiano wa vitu.

Hata dai la kukosa wimbo linayumba. Kwenye Metacosmos, ambayo okestra ya New York Philharmonic waliizindua mwaka 2018 chini ya kondakta Esa-Pekka Salonen, nyuzi zinajikusanya kutoka katika vurumai na kuimba waziwazi. Uzito wa wimbo ule unatokana na kucheleweshwa kwake.

Januari 2021 Berlin Philharmonic, wakiongozwa na Kirill Petrenko, walizindua Catamorphosis, kazi ya dakika kama ishirini kuhusu udhaifu wa uhusiano wetu na dunia. Kwa sababu ya korona ukumbi haukuwa na hadhira. Watu walisikilizia nyumbani, kwenye skrini. Muziki wa kupamba tu ungeyeyuka katika hali ile. Huu uliendelea kupigwa na okestra nyingine, mbele ya watu.