Acheni kumsingizia Hulagu

Juzi usiku mjomba katurushia klipu kwenye grupu la familia, jamaa ana sauti nzito na kaswida ya huzuni nyuma yake, anasema Bani Abbas, ule ukoo wa makhalifa wa Baghdad, walikuwa wanatawala raha mustarehe mpaka Hulagu, yule mkuu wa Wamongolia, akaja 1258 akaichoma Baghdad, basi, hadithi imeisha. Nikaandika "mjomba, ile serikali ilishakufa kabla huyo Hulagu hajazaliwa", nikajibiwa emoji ya kucheka na "vijana mnasoma sana siku hizi". Haya. Ndo nimekuja kumalizia hasira huku.

Sawa, Hulagu aliua watu, tena wengi mno, na Khalifa al-Musta'sim hakupona. Ila alikuta nini pale? Iraq. Misri, Sham (Syria na jirani zake), Khurasan (mashariki ya Iran), Maghrib (Afrika Kaskazini), kote huko kulishakuwa na wenyewe siku nyingi.

Na kabla hamjaniambia "himaya ilikuwa kubwa, habari zilichelewa", walikuwa na barid, posta ya serikali ambayo pia ilikuwa kazi ya kunusanusa, kila jimbo lina mtu wa kuandika gavana kafanya nini. Tahir, gavana wa Khurasan, mwaka 822 akapanda mimbari siku ya Ijumaa asimtaje Khalifa kwenye khutba, yaani kamkana mbele za watu, yule mtu wa posta akaandika hapohapo akijua anaweza kukatwa kichwa. Usiku uleule Tahir akafa (ya kufa kwake tumwachie Mungu). Kwa hiyo Baghdad ilijua kila kitu, na unajua Khalifa al-Ma'mun alimweka nani pale? Mtoto wa Tahir! Habari unazo, la kufanya huna.

Kilichowamaliza ni hela. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 800 Ibrahim ibn al-Aghlab akamwambia Khalifa Harun al-Rashid, hivi Ifriqiya (Tunisia na jirani zake) inakula ruzuku ya dinari 100,000 kila mwaka kutoka Misri, si ndiyo? Niachie mimi na wanangu, ruzuku sitaki, na wewe nakuletea 40,000. Yaani ungekuwa wewe ungekataa? Harun akakubali, na kwenye karatasi ni bonge la dili. Ila kuanzia siku hiyo jimbo sio lako, wewe ni mtu wa kusubiri bahasha.

Halafu jeshi likaanza kudai mishahara, na jeshi lile likiudhika linaua, muulizeni Khalifa al-Mutawakkil, mwaka 861 aliuliwa na walinzi wake wenyewe wa Kituruki. Diwani hazikupungua (diwani kwao ni ofisi, sio mheshimiwa wa kata), mawaziri nao ukitolewa unakamuliwa mali yote, Ibn al-Furat alishika uwaziri mara tatu na mwisho wakamuua. Hela ikawa inatakiwa leo, sio mavuno yakiiva. Basi wakawa wanakodisha kodi ya jimbo zima, tajiri au kamanda anaahidi kiasi fulani kwa hazina, kitakachozidi ni chake. Waliita daman, ndo hii dhamana yetu.

Mimi hii naijua kwa pua. Shangazi aliyenilea alikuwa anauza nyanya, na ushuru wa soko lile alipewa mzabuni. Mzabuni keshalipa huko juu, kwa hiyo kila shilingi anayokukamua ni faida yake, choo kikiziba si lake, paa likivuja si lake, mkataba wenyewe mwakani anaweza kupewa mwingine. Nani akarabati soko la kukodi? Sasa chukua akili ya yule mzabuni uipe Iraq nzima, nchi inayokula kwa mifereji, na mifereji inataka kuzolewa tope mwaka hadi mwaka.

Uasi wa Zanj, wale watumwa wa kusini mwa Iraq, nauacha, miaka 14 ile (869 hadi 883) inataka makala yake. Niseme tu kwamba Baghdad ilipotaka hela ya vita vile ilibidi imbembeleze Ahmad ibn Tulun wa Misri, gavana wake yenyewe, na alichotuma kikaonekana kidogo wakagombana.

Mwisho wake ni Ibn Ra'iq. Huyu ni gavana wa Wasit na Basra, hukohuko Iraq, akagoma kuleta mapato. Unadhani aliadhibiwa? Mwaka 936 Khalifa al-Radi akamwita akamkabidhi jeshi, kodi, kila kitu, na jina lake likaanza kutajwa kwenye khutba pamoja na la Khalifa. Yaani aliyegoma kulipa ndo kapewa funguo za hazina! Na mwaka uliofuata, kumzuia kamanda mwenzake Bajkam asiingie Baghdad, akaubomoa mfereji wa Nahrawan uliokuwa unanywesha mashamba yote ya upande ule. Bajkam akaingia vilevile, mashamba ndo yakakosa maji.

937 hiyo mjomba. Toa kwenye 1258 uone imebaki mingapi.