Mimba zabibu si ushahidi wa uzinzi

Nimekasirika, na sitaki hasira hii ipoe kabla sijaandika. Mwenzetu mmoja wa chama hapa Kisumu amepoteza mimba. Akaambiwa ni mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo hukua kama vishada vya zabibu, akasafishwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mumewe alipouliza sababu, mhudumu akamjibu huku anatembea kwamba mbegu mbili ziliingia kwenye yai moja. Basi. Kufika jioni jibu hilo lilikuwa limemfikia mama mkwe, na huko likawa jambo lingine kabisa: mbegu mbili, kumbe wanaume wawili. Sasa mtoto wa watu amerudishwa kwao na virago vyake, na boma zima linamwita malaya.

Alichosema mhudumu ni kweli, hilo nakubali. Aina moja ya mimba zabibu, ile isiyo kamili, kwa kawaida hutokana na mbegu mbili kuingia yai moja. (Ile kamili ina njia yake: mara nyingi ni yai lililopoteza kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba urithi, likaingiwa na mbegu moja ikajirudufu.) Lakini mbegu hizo mbili kwa kawaida ni za mwanamume yule yule. Mwanamume mwenye afya hutoa mamilioni ya mbegu kwa mara moja, na zinazofika karibu na yai huenda zikawa mia chache. Mbili kati ya hizo zikiwahi pamoja, mwanamume wa pili anatoka wapi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yai lenyewe hufanya kazi kubwa kuzuia jambo hili, na hakuna anayelisimulia. Tumezoea hadithi ya mbegu zinazokimbia mbio na mshindi kuchukua zawadi. Wahubiri wanaipenda, wahamasishaji wa vijana wanaipenda: ulishinda mamilioni, wewe ni bingwa. Yai katika hadithi hiyo limekaa tu, linangoja kuchukuliwa.

Ukweli ni tofauti sana. Mbegu ya kwanza ikishaungana na utando wa yai, humwaga ndani protini inayofungulia madini ya kalisi yaliyohifadhiwa humo, na kalisi hiyo husambaa kama wimbi kutoka pale mbegu ilipoingilia hadi upande wa pili. Chini tu ya utando kuna maelfu ya vifuko vidogo vilivyokuwa vikisubiri. Wimbi likipita, vifuko hupasukia nje na kumwaga vimeng'enya. Kimoja hukata protini za gamba la nje ambazo mbegu huzishika, na zilizochelewa hukosa pa kushika. Yai hutema hata madini ya zinki. Wanasayansi wa Marekani waliona hilo kwa macho kwenye mayai ya binadamu mwaka 2016. Na mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha kwa panya kwamba ile protini ya utando wa yai ambayo mbegu huifuata, iitwayo Juno, huondoka kwenye utando ndani ya dakika 40 hivi. Ni kama mwenye nyumba anayempokea mgeni mmoja, kisha anang'oa hata kitasa cha mlango.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1919, Ernest Everett Just, mwanasayansi Mweusi wa Marekani, alieleza jinsi mayai ya viumbe wa baharini yanavyoanza kuzikataa mbegu nyingine kuanzia pale mbegu ya kwanza ilipogusa. Alishikilia kwamba uso wa yai unafanya kazi, haukai tu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtoto anamaliza kidato cha nne hapa kwetu akijua mbegu zina mkia na yai ni la duara.

Kila kiumbe kina njia yake. Yai la samaki wengi lina kitundu kimoja chembamba ambacho mbegu hupitia, na kikishatumika huzibwa. Kuku ndiye wa kushangaza: yai lake huruhusu mbegu nyingi kuingia, kisha moja tu ndiyo huungana na kromosomu za yai na nyingine hufa. Kwa hivyo kuku wa kienyeji anaweza kuhimili kile ambacho mwili wa mwanamke hauwezi.

Hauwezi kwa sababu ya hesabu. Yai lina kromosomu 23, mbegu ina 23, jumla 46. Mbegu ya pili ikipenya, zinakuwa 69, na mimba ya namna hiyo karibu zote huharibika. Ulinzi wa yai ni mzuri, lakini ni ulinzi wa mwili, na mwili wa mtu yeyote hushindwa mara moja moja. Hakuna chakula alichokula, hakuna mtu aliyemroga, hakuna mwanamume aliyemficha.

Na kwa wale wanaonong'ona hata kuhusu mapacha: Opiyo na Odongo, Mukhwana na Mulongo, wote hutoka kwa mayai mawili au kwa yai moja lililogawanyika. Mapacha wa baba tofauti wamewahi kutokea, ndiyo, lakini ni nadra mno, na hata hapo ni mayai mawili, kila moja na mbegu yake.

Ombi langu ni kwa wauguzi na madaktari. Mgonjwa wa mimba zabibu asiruhusiwe kuondoka kabla mume, na mama mkwe ikiwezekana, hajakalishwa chini akaelezwa kwa Kiswahili, Dholuo au Kiluhya kwamba mimba zabibu si ushahidi wa mwanamume wa pili. Maana kusafishwa si mwisho wa matibabu. Mwanamke huyu anatakiwa kupimwa damu tena na tena, na asishike mimba nyingine hadi daktari amruhusu, kwa sababu mara chache mabaki huendelea kukua na hata kugeuka saratani. Ikigunduliwa mapema hutibika karibu kila mara. Aliyefukuzwa kwake, hana nauli na anaogopa kuonekana, nani atampeleka kliniki?