Lamu: kaunti isiyojaza hata eneo bunge moja

Sensa ya 2019 iliwapata Wakenya 47,564,296. Ukiwagawa kwa maeneo bunge 290, kila eneo bunge linapata watu 164,000 na kidogo. Kaunti nzima ya Lamu, kuanzia Kiunga mpakani na Somalia hadi Witu, visiwa na bara kwa pamoja, ilihesabiwa watu 143,920. Ni kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47, na watu wake wote hawafikishi wastani wa eneo bunge moja. Hata hivyo ina gavana, seneta, mwakilishi wa kike, wabunge wawili na wadi kumi.

Ndiyo maana kila msimu wa kugawa fedha za kaunti ukifika, jina la Lamu hutajwa na watu ambao hawajawahi kupanda mashua. Kauli inayotumika ni "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani fedha zifuate idadi ya watu, na huwa inatoka sana kwa wanasiasa wa Mlima Kenya. Huku kwetu Lamu huchukuliwa kama tusi. Mimi naona ni hoja, na hoja hujibiwa kwa hesabu, si kwa kununa.

Tuipe haki yake kwanza. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Lamu ilitengewa mgao wa takriban shilingi bilioni 3.1, mdogo kuliko wa kaunti yoyote. Kiambu ilipata kama bilioni 11.7. Kwa kutazama jumla, Lamu imepunjwa. Lakini Kiambu ina watu 2,417,735. Gawa kwa vichwa: mkazi wa Lamu anaangukiwa na shilingi 21,500 hivi, wa Kiambu hafikishi 5,000. Mama wa Githurai, Kiambu, anayejifungua katika wodi iliyofurika hajali kama Lamu ina bahari. Anachokiona ni kwamba yeye ni Mkenya robo. Fedha za maendeleo ya maeneo bunge nazo, kwa sheria ya 2015, ziligawanywa sawa kwa maeneo bunge yote, kwa hiyo Lamu Mashariki yenye watu 22,258 ilipata kama eneo bunge lenye watu mara kumi yake.

Na kura? Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Issa Timamy kwenye ugavana kwa kura 82. Kwingine kura hizo hazitoshi kumpa mtu ushindi wa uenyekiti wa chama cha ushirika.

Upande wa pili wa daftari ni gharama, na hapa ndipo wanaohesabu vichwa tu wanapokwama. Mgonjwa wa Kizingitini au Faza, kisiwani Pate, akihitaji hospitali ya King Fahd iliyoko Amu, yaani mji wa Lamu, haitwi gari. Hutafutwa boti, hutafutwa nahodha, hununuliwa petroli, na bei ya petroli visiwani si ya Mombasa kwa sababu nayo imekuja kwa chombo. Kisha husubiriwa maji yajae, maana kuna mikondo ambayo yakitoka huwezi kupita. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, safari ya kutoka Kiunga kwa bahari kuu huwa ni ya kumwachia Mungu. Zahanati ya kijiji chenye nyumba hamsini inataka muuguzi, friji ya chanjo na nyumba ya muuguzi sawasawa na ya kijiji chenye nyumba mia tano. Shule vilevile: mwalimu mkuu hawezi kuwa nusu kwa sababu wanafunzi ni nusu.

Fomula ya tatu ya mgao, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano wa wiki nyingi, ilishusha uzito wa idadi ya watu hadi asilimia 18 na kuingiza vigezo vya afya, kilimo na barabara. Ukubwa wa ardhi ulipewa asilimia 8, barabara za mashambani nazo asilimia 8. Sawa. Lakini umbali wa Pate na Amu si ardhi wala si barabara. Ni maji, na maji hayakupewa safu katika jedwali hilo la mgao. Laiti viongozi wetu wangeacha kulalamika kwa jumla na wakapeleka Nairobi hesabu moja tu, ya bei ya kumfikisha mja mzito wa Kiwayu chumba cha upasuaji ikilinganishwa na wa Ruiru, Kiambu, hoja ya vichwa ingetoka jasho.

Liko jambo jingine husahaulika: uchache huu haukuumbwa na Mungu peke yake. Mashamba ya bara yaliyoilisha Amu na Pate yalidorora baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1907, na heri ulipigwa marufuku, lakini hakuna aliyekuja na mpango mwingine wa kilimo. Vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, miaka ya 1960 viliwatoa Wabajuni katika vijiji vyao vya bara kaskazini, wengi wakakimbilia visiwani na Mombasa, na hawakurudi. Mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 yaliua watu zaidi ya 60. Mwaka uliofuata operesheni ya usalama ikaanza katika msitu wa Boni, na shule za vijiji vya Waboni kama Mangai, Milimani na Mararani zikafungwa kwa muda mrefu. Kumwambia mtu aliyehamishwa kwa bunduki kwamba apate kidogo kwa sababu wako wachache ni kumwadhibu mara mbili.

Hapa lakini wenyeji nasi tunajikanganya. Kama vichwa vinaleta fedha na viti, dawa ni watu waongezeke, na wanaongezeka. Mwaka 2009 tulikuwa 101,539. Katika miaka kumi tumepanda kwa asilimia 40 na zaidi, wakati nchi nzima ilipanda kwa kama asilimia 23. Lakini wengi wa waliotoka mbali wako upande wa bara, Mpeketoni na Hindi, ambako mpango wa serikali wa kuwapa watu mashamba ulianza miaka ya 1970 na ambako bandari sasa inavuta wengine. Mzee wa Siyu akiambiwa kuwa Lamu inakua hasikii habari njema. Anasikia ardhi. Wala hofu yake si ya kuzusha: Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hatimiliki za ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Piga hesabu, ni kama theluthi ya kaunti yote. Ardhi ikionekana haina watu, mtu wa mbali huiona haina mwenyewe.

Kwa hiyo tunataka tubaki wachache na tuhesabiwe kama wengi. Inawezekana kuitetea kauli hiyo, lakini kwa sharti moja ambalo silisikii likisemwa Amu.

Sharti ni hili: hoja ya gharama tunayoipeleka Nairobi ianze kufanya kazi nyumbani. Ndani ya kaunti, Lamu Magharibi ina watu 121,662, na Lamu Mashariki ina wale 22,258. Mashariki ina wadi tatu kati ya kumi: Faza, Kiunga na Basuba. Mkulima wa pamba wa Hongwe, upande wa Magharibi, anaweza kusema juu ya Basuba neno kwa neno yale ambayo mtu wa Kiambu anasema juu ya Lamu, kwamba wachache wanabebwa na wengi. Na afisi zote kubwa ziko Amu na Mokowe. Ikiwa mgao mkubwa kwa kila kichwa unatolewa kwa sababu ya umbali, basi mwenye haki nao zaidi ni aliye mbali zaidi: Mboni wa Mangai na mvuvi wa Ishakani, si sisi wa Mkomani, hapa Amu, tunaokwenda hospitali kwa miguu.

Vilevile tukubali kwamba kuwa kaunti ni ghali kwa watu wachache. Gavana, mawaziri wake, bunge la kaunti, madereva na safari vinagharimu karibu sawa ukiwa na watu laki moja u nusu au milioni mbili. Sehemu ya zile shilingi 21,500 huliwa hapo kabla haijafika zahanati yoyote. Wapinzani wetu wamelisema hili, na sijasikia jibu.

Linalokuja ni la mipaka ya maeneo bunge. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu eneo lenye watu waliotawanyika lipungue wastani kwa asilimia 40 tu. Wastani ukiwa 164,000, kiwango cha chini ni kama 98,400. Lamu Mashariki iliponea 2012 kwa sababu maeneo bunge 27 yaliyokuwa chini ya kiwango yalikingwa katika mapitio ya kwanza pekee. Muda wa mapitio yaliyofuata uliisha Machi 2024 bila Tume ya Uchaguzi na Mipaka kuyafanya. Yakifanywa kwa sheria ilivyo, Mashariki itaunganishwa na Magharibi, na mbunge mmoja atatafuta kura zake palipo na kura, yaani Mpeketoni, Hindi na Witu. Wa Kizingitini atamwona kwa televisheni. Kuzuia hilo kunataka Katiba irekebishwe, na kura za kuirekebisha ziko mikononi mwa Kiambu, Nakuru na Nairobi. Hao hawatashawishiwa na hadithi za mji mkongwe. Watauliza petroli ya boti ni kiasi gani, na Basuba ilipata nini mwaka jana.